Sahani Tupu ya Mzee Ambokile

Mkitaka kujua kama mzee ana nguvu za kupasuliwa, msianze na mashine. Mtafutieni kiti cha mbao kisicho na mikono, mketisheni, mwambieni akunje mikono yake kifuani, halafu asimame na kuketi mara tano. Nyinyi simameni pembeni mfunge midomo. Akiinuka kama mtu aliyeitwa kwenye chakula, vizuri. Akianza kuyumba, akitafuta ukuta, akisema "ngoja kwanza sista, leo nimeamka vibaya," basi hapo mna kazi, na asiondoke mpaka mmejua misuli ya mapaja yake imekwenda wapi.

Nawaambia nyinyi mnaoanza uuguzi sasa, na najua mtanicheka. Mimi Zuhura nimestaafu, magoti yangu yenyewe yananung'unika nikipanda mlima wa sokoni. Lakini nimefanya kazi Tukuyu miaka zaidi ya thelathini. Mingi niliimaliza wodi ya upasuaji, na ya mwishoni kwenye kliniki ya wagonjwa wa saratani wanaopelekwa hospitali kubwa na kurudishwa kwetu. Wengi wao ni wazee. Nimewakosea baadhi yao na nimewasaidia wengi, na sioni haya kusema yote mawili.

Tulipoanza sisi, mgonjwa mwenye uvimbe tumboni alipasuliwa kutoka chini ya kifua mpaka chini ya kitovu. Kisha tunamlaza, na kazi yangu ilikuwa kuwakaripia wanaotaka kushuka kitandani. Nilikuwa hodari sana kwa hilo. Kuna bwana mmoja wa Lupepo nilimfungia viatu kabatini ili asipate cha kuvaa. Akaenda chooni peku, nikamsema mbele ya wodi nzima. Leo natamani nimwombe radhi, maana yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Alitoka mapema kuliko wenzake wote waliolala kimya wakinisikiliza.

Halafu zikaja habari za upasuaji wa matundu madogo. Matundu matatu au manne, mapana kama kifungo cha koti. Wanapitisha kamera na vyuma vyembamba, wanatazama kwenye runinga, wanakata uvimbe, tundu moja linaongezwa kidogo wanautolea hapo. Tulifurahi, na furaha ile ikatupumbaza. Tuliona tundu dogo tukadhani na shughuli ni ndogo. Nikawa nawaambia ndugu wa wagonjwa, "Hii siku hizi si kitu, ataenda na kurudi."

Mama mmoja wa Nkunga alikwenda na kurudi hivyo. Alikuwa mwembamba, mzee, mpole, hakuna aliyempima chochote zaidi ya presha na damu, na mimi nikiwamo. Aliporudi, vidonda vilikuwa vimefunga vizuri mpaka nikamwita mwenzangu aje kuona. Lakini alishindwa kuketi bila kushikwa. Alishindwa kukohoa kwa nguvu atoe makohozi, kifua kikajaa, akafa akiwa na makovu mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Nilijifungia chumba cha dawa nikalia. Iliniuma kwa sababu niliwaambia watoto wake kwamba si kitu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwili unapopona unakula akiba yake, na akiba kubwa iko kwenye misuli. Uzee unaipunguza misuli kidogo kidogo bila kelele. Saratani inaipunguza kwa pupa. Kisha sisi ndugu tunamalizia, tunamnyang'anya mzee jembe, tunamfunika blanketi, tunampa uji mwepesi na kumwambia apumzike. Tundu liwe dogo au kubwa, anayepona ni yule mwenye cha kuponea.

Cha ajabu ni kwamba nilishafundishwa haya zamani na sikusikia. Matroni wetu, Mama Esta, aliyenipokea nikiwa msichana wa sare mpya, alikuwa na tabia ya kuwasalimia wazee kwa mkono na kutouachia. "Mugonile, tata," yaani umelalaje, baba. Anauliza habari za ng'ombe, za wajukuu, za mvua, na mkono bado ameushika. Nilidhani ni heshima ya Kinyakyusa tu, wanavyopenda salamu ndefu. Siku moja akanivuta pembeni. "Zuhura, unadhani nasalimia? Napima. Yule kiganja chake hakinibani hata kidogo. Mwandikie maziwa na mayai, na asubuhi mtembeze." Mashine ya kupima mshiko wa mkono nimeiona miaka mingi baadaye, na sikuona imemzidi Mama Esta sana.

Jifunzeni na hili, halina gharama. Mwambie mzee aketi, zungushia shavu la mguu wake, pale penye unene, vidole gumba viwili na vya shahada viwili. Vidole vikishindwa kukutana, shukuru. Vikikutana na nafasi ikabaki ya kuingiza kidole kingine, usimpongeze kwamba amepungua vizuri. Na mkanda wa suruali utazameni pia, matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari yanasema mengi kuliko mwenye mkanda.

Sasa niwape habari ya Mzee Ambokile, kwa sababu hapo nilikosea nikiwa tayari najua kila kitu, na hayo ndiyo makosa mabaya.

Mzee Ambokile alikuwa mkulima wa chai na migomba kule Mpuguso, amepita miaka sabini, mjane, mkali kidogo, mcheshi akipenda. Alirudi kwangu na barua ya daktari wa hospitali kubwa. Alikuwa na uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Haujasambaa, unaweza kutolewa kwa matundu madogo, lakini mzee amekwisha mapaja. Arudi nyumbani wiki nne, ale, afanye mazoezi. Akiweza kusimama kwenye kiti mara tano bila kushika, watampasua. Asipoweza, walihofia angepasuliwa na asiinuke tena kitandani. Na kungoja zaidi ya hapo haikuwezekana, maana uvimbe ulikuwa unakaribia kuziba njia ya haja.

Mtoto wake wa kiume, Lusekelo, alikuwa dereva wa malori Dar es Salaam. Nyumbani alibaki mkwe, mke wa Lusekelo, jina lake Tusajigwe, mwanamke mchapakazi mwenye sauti ndogo. Nilimwita aingie ndani asikie maelekezo. Alikataa kuvuka kizingiti. Akabaki barazani nyuma ya mlango na khanga kichwani. "Nasikia hapa hapa, mama," akasema. Nikadhani anaogopa harufu ya dawa. Nikapaza sauti: mayai mawili kila siku, maharage mchana na jioni, maziwa asubuhi, dagaa akiwapata, na mzee asimame na kuketi mara kumi kabla ya kila mlo. Kila nilichosema akaitikia, "Ndiyo, mama." Nikamkabidhi yeye kazi yote ya kumsimamia.

Barabara ya kwao ikinyesha ni utelezi mtupu, kwa hiyo tulikubaliana Tusajigwe aje yeye kunipa habari. Wiki ya kwanza akaja. "Baba anakula?" "Anakula vizuri, mama. Sahani inarudi tupu." Nikaandika kwenye daftari: anakula vizuri. Mwisho wa wiki ya pili nikataka nimwone mzee mwenyewe, akaletwa kwa bodaboda. Nikampandisha mizani, ameongezeka kilo mbili. Nilifurahi nikamwita na daktari wa zamu ashuhudie. Tusajigwe yuko barazani, nikamsifu kwa sauti mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Kisha nikampa mzee mkono wa kwaheri. Kiganja hakikunibana. Nikamketisha kwenye kiti changu, nikamwambia asimame bila kushika. Akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akanitazama na kusema, "Mwanangu, hiki kiti ni kifupi." Nikapandisha suruali yake, nikabonyeza mguu kwa kidole gumba juu ya mfupa. Shimo likabaki pale pale. Zile kilo mbili zilikuwa maji, miguu imevimba kwa kukosa lishe, na mapaja yamezidi kuisha. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Nilisikia aibu mpaka masikioni.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda bodaboda kwenda Mpuguso bila kuaga mtu. Nilitaka kufika mchana, wakati wa chakula. Nilikuwa na hasira na Tusajigwe, nisiwafiche. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mwanamke anayekula mayai ya mgonjwa.

Nikamkuta anaivisha. Akapakua ndizi na maharage, akaweka mayai mawili juu, mazuri kabisa. Akabeba sinia mpaka kwenye kigoda kilicho kando ya mlango wa nyumba ya mzee, akakohoa mara moja, akageuka na kurudi jikoni haraka, amejifunika uso. Mzee akatoka. Hakuwa peke yake. Walitoka naye wazee watatu wa rika lake, waliokuja kumjulia hali kama walivyokuja kila siku tangu augue. Wakanawa. Mzee Ambokile akachukua mayai yale, akayakata, akawagawia wenzake. Yeye akabaki na ndizi na mchuzi.

Nikajitokeza nyuma ya migomba. "Tata, hayo mayai ni dawa yako."

"Najua, mwanangu," akasema bila kushtuka. "Lakini hawa wameacha kazi zao kuja kuniona. Nile yai wao wananitazama? Nitakuwa mtu gani huyo?"

Mwenzake mmoja, Mzee Anyitike, mrefu, mwenye kofia ya sufu, akadakia. "Kwetu mtu akila peke yake tunaanza kujiuliza anaficha nini. Tumekula pamoja na huyu tangu tukiwa vijana wa kuchunga."

Nikaenda jikoni. "Tusajigwe, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mama? Mimi simtazami baba mkwe. Tangu niolewe sijawahi kukaa naye mahali pamoja. Naweka chakula, naondoka, narudi kuchukua sahani." Akaupangusa mwiko. "Mama uliniuliza kama anakula, nikakuambia sahani inarudi tupu. Ilikuwa inarudi tupu."

Wanangu, nilikosa pa kujificha. Babu yangu alitoka pwani na cherehani yake akaweka duka Tukuyu, baba yangu kazaliwa hapa, mimi nimezaliwa hapa. Nasema Kinyakyusa mpaka wenyewe wanasahau kwamba mimi si wa kwao. Niliijua desturi ya mkwe kumwepuka baba mkwe, nilidhani imekwisha na bibi zetu. Niliijua desturi ya wazee kula na rika lao, nilidhani ni mambo ya sherehe. Nimeolewa na Mwislamu mwenzangu wa mjini, na nyumbani kwetu mwenye kuogopwa ni mama mkwe. Basi nikamkabidhi mgonjwa wangu kwa mtu pekee katika nyumba ile asiyeruhusiwa kumtazama.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuwafukuza wale wazee. Nilirudi pale nikiwa nimeshafungua mdomo. Mzee Anyitike akaniwahi, kana kwamba amenisoma. "Sista, sisi tukiondoka, huyu hata hizo ndizi hatakula. Tangu mkewe afariki chakula hakimpiti kooni mpaka awe na mtu wa kuongea naye." Nikamtazama Mzee Ambokile. Hakubisha. Nilifunga mdomo nikaketi nao, nikapewa na mimi nusu yai, nikala.

Nilipomaliza kula nilikuwa na akili nyingine. Nikawaambia, "Mnampenda mwenzenu. Wiki mbili zimebaki, asipopata nguvu hatapasuliwa, na asipopasuliwa mtamzika. Kwa hiyo nawapa kazi." Kazi ilikuwa hii. Kila atakayekuja aje na yai lake la kuchemsha mfukoni, ili mzee ale yake bila aibu. Pili, chakula cha mchana kisiliwe tena pale kwake. Kile wanachokula pamoja wakale kwa zamu kwenye nyumba za wengine, kwa miguu, na ya Mzee Anyitike ndiyo iliyokuwa mbali, juu ya mlima wa chai. Tatu, hakuna kunawa mikono kabla wote wanne hawajasimama na kuketi mara kumi.

"Wote?" akauliza Mzee Anyitike.

"Wote. Mnakula pamoja, mnasimama pamoja."

Akacheka, akaketi kwenye kigoda kunionyesha. Mara ya nne akakwama, akashika bega la mwenzake. Mzee Ambokile alicheka mpaka akashika tumbo lake linalouma. Tangu hapo yale mazoezi hayakuhitaji mtu wa kuyasimamia, maana yalikuwa mashindano.

Ikabaki habari ya Tusajigwe, ambaye sikutaka kumvunjia heshima zake. Tulipatana kwamba asubuhi na jioni mzee afanye mazoezi yake mlangoni akihesabu kwa sauti kubwa, na Tusajigwe akiwa jikoni aweke punje ya maharage kwenye kikombe kila anaposikia hesabu. Mwisho wa wiki analeta kikombe. Sijawahi kupata taarifa ya mgonjwa iliyo sahihi kama ile. Siku moja alinionyesha punje iliyovunjika katikati. "Hii aliianza akaishia njiani," akasema.

Lusekelo akanipigia simu kutoka Dar. Alikuwa amekasirika. "Mama, nasikia mnamkimbiza mzee mlimani na ana saratani. Baba amefanya kazi maisha yake yote, mwacheni apumzike."

"Lusekelo," nikamwambia, "ukitaka apumzike moja kwa moja nitamwambia aketi leo hii. Ukitaka umkute, tuma hela ya dagaa." Akauliza dagaa wa Nyasa au wa Mwanza. Nikajua tumeelewana.

Siku ya mwisho ya wiki ya nne Mzee Ambokile alikuja kliniki. Mizani ilionyesha amepungua kilo moja na nusu, na kijana mmoja wa kwetu akasikitika. Nikamwambia aache kutazama mizani atazame miguu. Uvimbe wa miguu ulikuwa umekwisha. Mzee akaketi, akakunja mikono, akasimama mara tano, akasimama ya sita bila kuambiwa, halafu akaniuliza kama hospitali kubwa nako watampa kiti kirefu au kifupi. Shikeni hilo: mzee anaweza kuongezeka uzito huku anakwisha, na anaweza kupungua huku anapata nguvu.

Walimkubali. Siku ya upasuaji sikuwa na raha hata kidogo, nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi, mume wangu akala kimya. Nilikuwa namwona yule mama wa Nkunga. Jioni daktari akapiga simu, wametoa uvimbe wote, matundu manne, damu kidogo. Nilimshukuru Mungu lakini sikushangilia, kwa sababu hapo ndipo kazi ya misuli inapoanza. Kesho yake nesi wa kule akapiga mwenyewe. Mzee amekohoa vizuri, ameketi, ametembea ukumbini na kurudi, na anagombana na watu wa jikoni kwa kuwa wanataka ale peke yake. "Mtafutie mgonjwa mwenzake wale pamoja," nikamwambia. "Nakuomba, iandike kama dawa." Sijui kama aliiandika. Najua mzee alikula.

Wiki ya pili alikuwa nyumbani. Wenzake wakaendelea kuja na mayai mfukoni. Nilimwona kliniki kila alipotakiwa, kisha nafasi zikawa za miezi, na mimi nikaanza kuhesabu siku za kustaafu.

Asubuhi moja ya mvua, miezi mingi baada ya hapo, nikamwona Tusajigwe amesimama mlangoni kwangu peke yake. Haikuwa siku ya kliniki ya mzee. Amelowa, khanga imemganda mabegani, na safari hii alivuka kizingiti akaja mpaka mezani. Saratani hurudi, mnalijua hilo, nami nililijua zaidi. Nikamvutia kiti, nikajikaza, nikauliza, "Baba vipi?"

"Nimekuja kushtaki, mama," akasema, na macho yake kweli yalikuwa na hasira. "Zamani akitoka nje namsikia anavyojikongoja. Namaliza kuosha vyombo, najitanda khanga, naingia jikoni bila haraka. Sasa nikiinua kichwa, huyu hapa. Anapita nyuma ya nyumba, anatokea kisimani, anatokea bustanini. Jana nimekimbia nikamwaga ndoo nzima ya maji. Juzi nimejificha kwenye banda la ng'ombe, akaja kukamua. Mama, wewe anakusikia. Mwambie baba atembee polepole."

Nilimshika mikono yote miwili, nikacheka huku machozi yananitoka, nikamwambia aniombe kitu kingine chochote.